Mseji haukatwi kama mrehani

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuuseme mmea mmoja mdogo unaoingia kwa kasi kwenye vibaraza na nyua za Tanga, na kufa kwa kasi ileile. Ni mseji (seji, au kwa Kiingereza sage), kiungo cha jikoni, kile kichaka cha majani ya kijivu yenye vinyweleo, yanayonuka kama kafuri ukiyafikicha. Waarabu huyaita majani hayo maramiya. Miche hushuka kutoka Lushoto, hununuliwa hapa mjini ikiwa imenawiri, na baada ya miezi kadhaa ama imerefuka ikalala ubavu, ama vimebaki vijiti vitupu. Mnunuzi humlaumu muuzaji, muuzaji huulaumu udongo wa mnunuzi. Sisi tunaootesha miche hii tunasema kosa la kwanza ni la mkasi, la pili ni la kopo la kumwagilia.

Kosa la mkasi tumelirithi kwenye mrehani. Nani wa pwani asiyeujua? Ukirefuka unaufyeka, unautia maji, na muda si muda umejaa tena. Kivumbasi ndiyo kabisa, hata ukikivunja kwa mguu kitachipua. Kwa kuwa mseji ni wa ukoo mmoja nao, pamoja na nanaa na rozimari, mtu huona utastahimili vivyo hivyo. Hapana. Kwa kukatwa, mseji una tabia ya rozimari.

Litazameni tawi lake kwa karibu. Upande wa juu ni laini, wa kijani au kijivu, na ukilizungusha vidoleni unasikia pembe nne. Kadiri unavyoshuka, rangi inageuka kahawia, ganda linakuwa gumu na lenye mipasuko midogo: hapo tawi limekuwa ukuni. Kwenye sehemu ya kijani, kila palipo na jozi ya majani pana vichipukizi viwili vimelala kwapani mwa majani hayo. Kwenye ukuni usio na jani, vichipukizi hivyo kwa kawaida havipo tena. Kata juu ya jozi ya majani mabichi, na tawi moja litatoa mawili. Kata kwenye ukuni mtupu, na tawi litakauka kuanzia kwenye mkato kwenda chini. Ukiyakata matawi yote namna hiyo umeuua mti, wala hakuna samadi ya kuurudisha.

Kwa hiyo kipimo ni hiki: chini ya kila mkato zibaki jozi mbili za majani mabichi, zikiwa tatu ni bora, na kwa siku moja usiondoe zaidi ya theluthi ya majani ya mti mzima. Mkato uwe kama nusu sentimita juu ya kifundo, yaani pale jozi ya majani inapoota. Ukiacha kijiti kirefu zaidi, kitaoza siku za mvua na uozo utateremka. Ukikata kwa kugusa kifundo unakiumiza kichipukizi chenyewe. Tumia mkasi mkali uliofutwa kwa spiriti. Kisu butu husaga tawi badala ya kulikata, na jeraha lililosagwa katika unyevu wa Tanga ni mlango wa kuvu.

Mseji ukiachwa uende utakavyo mahali unapopapenda hufika sentimita 60 hadi 70 kwenda juu, na kwa upana hata zaidi. Kwa nyumba ya Ngamiani yenye ua wa hatua nne hilo ni jitu. Ukubwa unaofaa chungu cha upana wa sentimita 30 ni kichaka cha kimo cha sentimita 30 hadi 40, na kimo hicho kinapatikana kwa kucha za vidole, kidogo kidogo, tangu mche ukiwa mdogo. Udongo uwahi ungali maji.

Mche ukifika sentimita 12 hadi 15, wenye jozi tano au sita za majani, vunja ncha yake pamoja na jozi moja au mbili za juu. Wengi huona uchungu kuukata mche uliokuwa ndiyo kwanza unapanda. Lakini ncha ile ndiyo inayovizuia vichipukizi vya chini: hutengeneza homoni inayoteremka ndani ya shina na kuviambia vilale. Ikiondolewa, amri imekwisha. Baada ya siku saba hadi kumi chungulia kwapani mwa majani ya juu yaliyobaki, utaona vidoa viwili vya kijani kibichi, kila kimoja si kikubwa kuliko punje ya mtama. Hayo ndiyo matawi mapya. Yakishafika jozi tatu au nne za majani, nayo yavunje ncha juu ya jozi ya pili. Rudia mara ya tatu. Kati ya duru moja na nyingine huwa ni wiki nne hadi sita, zaidi kidogo miezi ya baridi. Mwisho wa duru tatu mti una matawi mafupi manane au zaidi, umekaa kama kikapu, na shina lake limenenepa kiasi cha kutoangushwa na kusi.

Kosa linaloonekana jema kuliko yote ni uchumaji. Mpishi akitaka majani manne hunyofoa yale makubwa ya chini, huku akiviacha vichanga vya juu “vikue kwanza.” Anauvua mti nguo kuanzia miguuni. Sehemu ya chini ikibaki bila majani hugeuka ukuni mtupu, ukuaji wote unahamia nchani, na baada ya miezi sita ana mnazi mdogo: shina refu tupu lenye shungi juu. Akija kuufupisha hana pa kukata. Chuma vikonyo vya ncha, si jani mojamoja. Kila unapotaka kiungo, vunja ncha tatu nne za sentimita tano, leo upande huu, kesho ule, na uanze na matawi yaliyozidi mengine urefu. Jiko ndilo litakaloupogoa mti, wala hutahitaji siku maalumu ya mkasi isipokuwa mara moja kwa mwaka.

Na siku hiyo iwe lini? Hapa ndipo ushauri unaoandikwa kwa nchi za baridi unapotupotosha, maana husema pogoa mwanzo wa machipuko, msimu ambao sisi hatuna. Kwa Tanga mjini, wakati mzuri ni Juni, masika yakishaondoka na joto likiwa limeshuka. Jeraha linakauka upesi, jua halijawa kali, na mti una miezi kadhaa ya kujijaza kabla ya kaskazi. Usipogoe kwa nguvu Machi hadi Mei, kuvu watatangulia kabla ya vichipukizi. Usipogoe kwa nguvu Januari na Februari pia, kwa kuwa mti uliokwisha choshwa na joto la zaidi ya nyuzi 30 ukiuvua majani yanayoukinga, jua linachoma matawi ya ndani. Miezi hiyo chuma cha kupikia tu.

Watu wa Lushoto wana habari nyingine. Mji wao uko kama mita 1,400 juu ya bahari, na kwa kuwa kila mita 1,000 hupunguza joto kwa nyuzi sita hivi, mseji kule unapata usiku wa baridi unaofanana zaidi na kwao Mediterania. Kule hutoa maua ya zambarau, na mabua ya maua hukatwa mara yakinyauka, pamoja na jozi moja au mbili za majani chini yake, ili nguvu isipotee kwenye mbegu na kichaka kisifunguke katikati. Huku chini mtu anaweza kukaa na mti wake miaka asione ua, na hakuna alichokosea.

Mche uliotoka Lushoto usiuweke juani siku uliyoununua. Umetoka kwenye ukungu wa asubuhi, ukapita Mombo, ukafika kwenye jua la bandarini ndani ya siku moja. Upe kivuli chepesi, jua la asubuhi mpaka saa nne tu, kwa siku kumi hadi kumi na nne, kisha usogeze hatua kwa hatua mpaka upate saa sita za jua kwa siku. Upande wa mashariki wa nyumba ndio bora. Pia fungua kiriba, ule mfuko wa nailoni wa mche, uangalie shina ni ngapi. Vitalu vingine hupanda mbegu nne au tano kwenye kiriba kimoja ili mche uonekane umejaa, na mnunuzi hudhani ni mti mmoja wenye matawi. Ni miti mitano inayonyang'anyana. Itarefuka kwa kushindana kutafuta mwanga na hakuna kupogoa kutakakosaidia. Itenganishe kwa kuloweka donge la udongo ndani ya ndoo ya maji robo saa, uivute polepole, upande kila mmoja peke yake. Ikiwa mizizi imesokotana mno, bakiza ulio imara na ukate mingine usawa wa udongo.

Mti unaorefuka mbio mara nyingi unakueleza jambo jingine. Pima umbali kati ya jozi moja ya majani na nyingine. Ukizidi upana wa vidole vitatu, mti unatafuta mwanga au umeshibishwa mbolea. Kupogoa bila kusahihisha hayo ni kufuta maji huku bomba likiwa wazi. Sogeza chungu penye jua, ukizungushe robo kila wiki ili kisilale upande mmoja, na achana na yurea. Mseji ni mmea wa ardhi ya mawe na shida. Ukipewa naitrojeni nyingi hutoa majani mapana, mepesi, yasiyo na harufu ya maana, yanayopendwa na vidukari. Viganja viwili vya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, mara moja kwa mwaka baada ya ile kazi ya Juni, vinatosha kwa chungu cha lita 10. Samadi ya kuku ni kali, tusiitie.

Sasa kopo. Watu wanamwagilia mseji asubuhi na jioni kwa sababu mrehani unanyauka usipopewa. Mseji ukinyauka huku udongo ukiwa mbichi, usiongeze maji: mizizi inaoza, haiwezi tena kunywa, na majani yananyauka kwa kiu ilhali miguu imo majini. Ingiza kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Kikitoka na unyevu, acha. Kikitoka kikavu, mwaga mpaka maji yatokee chini, kisha yamwage yaliyobaki kwenye sahani ya chungu. Wakati wa kaskazi huenda ikawa kila baada ya siku mbili, wakati wa mchoo, zile mvua ndogo za baada ya masika, mara moja kwa wiki, na masika huenda usimwagilie kabisa ila uingize chungu upenuni kisipigwe na mvua. Maji ya kisima yenye chumvi huunguza kingo za majani yakawa ya kahawia. Kama huna mengine, basi kila mwezi suuza udongo kwa ndoo nzima ya maji ya mvua au ya bomba.

Udongo wenyewe: sehemu mbili za udongo wa kawaida, sehemu mbili za mchanga wa mto wenye chembe kubwa au changarawe ndogo, sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uacheni huko huko. Makumbi ya nazi yaliyosagwa, ambayo kwa mimea mingine ni dawa, hapa yanashika maji kupita kiasi. Wala tusijidanganye kwa kuweka tabaka la kokoto chini ya chungu tukidhani maji yatashuka upesi. Maji husita juu ya tabaka hilo, na udongo ulio juu yake hubaki umelowa. Changarawe ichanganywe na udongo wote. Ukimimina lita moja juu na maji yakasimama zaidi ya nusu dakika, ongeza changarawe. Chungu cha udongo wa kufinyangwa kinapumua kuliko ndoo ya plastiki. Kama ni ndoo ya rangi, itoboe matundu sita au manane ya upana wa kidole.

Wanaopanda ardhini wainue tuta sentimita 20 hadi 30, waache sentimita 50 hadi 60 kati ya mche na mche, na kuzunguka shina watandaze changarawe kwa unene wa sentimita mbili, si nyasi. Nyasi zinalifunika shina kwa unyevu mahali pale pale linapoozea. Udongo wetu wa mawe ya matumbawe, ambao wakulima wa mchicha wanaulalamikia, mseji hauna ugomvi nao, kwani asili yake ni vilima vya mawe ya chokaa. Walio Raskazone, karibu na bahari, wasuuze majani kwa maji matamu upepo mkali wa bahari ukishapita.

Chungu ni kizuizi kizuri cha ukubwa, ila kina mwisho wake. Baada ya mwaka na nusu hivi mizizi huzunguka ukuta wa chungu kama kamba. Hiyohiyo Juni utoe mti, nyoa sentimita mbili za mizizi ya pembeni na chini kwa kisu kikali, jaza udongo mpya nafasi hiyo, urudishe chungu kilekile. Siku hiyohiyo punguza robo ya majani ya juu, maana mizizi iliyopunguzwa haiwezi kulisha kichwa kizima. Kisha wiki moja kivulini.

Wadudu ni wachache, tusiwakuze. Majani yakiwa na vidoadoa vya njano kama yamenyunyiziwa vumbi, na utando mwembamba chini yake, ni utitiri: huja wakati wa ukame, nao hufukuzwa kwa kuyapiga majani maji ya nguvu upande wa chini, asubuhi, kila baada ya siku tatu kwa wiki mbili. Unga mweupe juu ya majani si mdudu bali ni ubwiri, ugonjwa wa kuvu, na tiba yake ya kwanza ni mkasi: toa matawi yanayokingamana katikati ili upepo upite.

Vipi kuhusu mti uliokwisha haribika, ule wenye shungi juu na ukuni chini? Usiutupe kabla ya kuukagua. Pitisha kidole kwenye ukuni kuanzia chini. Mara nyingine utakuta kijichipukizi kimoja au viwili vya kijani vimejitokeza karibu na udongo. Ukivikuta, kata theluthi tu ya matawi makongwe, juu kidogo ya vichipukizi hivyo, ngoja wiki sita hadi nane vitoe majani, ndipo ukate theluthi ya pili. Usipokuta hata kimoja, uzike: mwaga mchanganyiko wa mchanga na udongo katikati ya kichaka mpaka ufunike ukuni wote na kuacha ncha za kijani nje. Uweke unyevu mdogo, usilowe. Baada ya miezi miwili au mitatu fukua kidogo, na tawi lililotoa mizizi likate chini ya mizizi hiyo ulipande peke yake. Mti mmoja mbovu unaweza kutoa miche mitano kwa njia hii, ilimradi usiifanye wakati wa masika.

Hata mti uliotunzwa vizuri huchoka baada ya miaka mitatu au minne, kwa joto letu huenda mapema zaidi. Basi kila Juni, katika vile vikonyo ulivyokata, chagua sita vya sentimita nane hadi kumi, visivyo na maua. Ondoa majani ya nusu ya chini, vichomeke kwenye mchanga wa mto uliolowana, kivulini. Usivifunike kwa chupa wala nailoni kama wanavyofanya kwenye baridi, hapa vitachemka na kuoza. Wiki ya nne vuta kidogo: kikonyo kikigoma kutoka, kimeshika mizizi. Katika sita, vikishika vinne hujakosea. Vikonyo vinavyobaki funga vitita vya nane nane, vining'inize kivulini penye upepo mpaka jani livunjike kwa sauti, uvitie kwenye chupa yenye kifuniko. Majani matatu yanatosha sufuria ya maharage. Ni kiungo, tukitumie kama kiungo: mseji una kemikali iitwayo thujoni, isiyofaa kwa wingi, na wajawazito wasiyanywe majani haya kama dawa.

Tuna maombi mawili, Mhariri. La kwanza ni kwako: makala za bustani unazochapa zitaje zinasema na nani, msomaji wa Lushoto au wa Chumbageni, kwa kuwa miezi iliyoandikwa kwa mmoja inaua mti wa mwingine. La pili ni kwa wenzetu wa vitalu. Ua lile jekundu la mapambo liitwalo salvia lisiuzwe kwa jina la seji. Ni ndugu yake, lakini si la jikoni, na mteja aliyelitia kwenye mchuzi mara moja hatarudi kununua hata mche wa mwarobaini.

Ni sisi,
Waoteshaji miche,
Tanga